Binti Anayeandika ya Kutisha: Mwongozo wa Kuifanya Kalamu Iwe Kazi

Mwongozo huu ni wako, mdogo wangu, unayeandika hadithi za majini, misukule na nyumba zisizolalika, ukiziandika kwenye simu usiku baada ya kumaliza vyombo. Umeshaambiwa kuwa hayo si mambo ya mtoto wa kike. Pengine umeshaulizwa kama una pepo. Na huenda umeshakuta simulizi yako inasomwa YouTube kwa sauti ya mtu usiyemjua, jina lako halimo. Nataka kazi hii ikulipe, ibebe jina lako na isimdhuru mtu.

KWA NINI NAFASI YAKO IPO

Kiswahili kina ukoo mkubwa wa hadithi za kusisimua. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha wakaja Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Hao wote ni wanaume, na walichoandika zaidi ni upelelezi: hata kwenye mzimu wa Abdulla, fumbo linateguliwa na akili za mpelelezi wake, Bwana Msa. Wanawake waliotangulia kuchapisha riwaya, kama Ndyanao Balisidya kwa Shida (1975) na Zainab Burhani kwa Mali ya Maskini (1981), waliandika maisha ya jamii. Mwanamke anayetisha kwa Kiswahili, kitabu kwa kitabu, bado namsubiri.

Nasema kitabuni tu, kwa sababu nje ya vitabu kazi hiyo imekuwa ya wanawake siku zote. Nani alikusimulia habari za zimwi? Nani alikukataza kuitika jina lako ukiitwa usiku na mtu usiyemwona? Kwa wengi wetu ni bibi, shangazi au dada wa kazi. Unaendeleza kazi ya nyumbani kwenu.

Nje ya kwetu pia wapo wa kuwatazama. Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18. Kitabu kilitoka mwaka 1818 bila jina la mwandishi, na watu wakadhani ni cha mumewe. Jina lake lilionekana kwenye toleo la Uingereza la mwaka 1823. Shirley Jackson wa Marekani, mama wa watoto wanne, alitoa hadithi fupi "The Lottery" kwenye jarida la New Yorker mwaka 1948, na barua za wasomaji waliokasirika na kuchanganyikiwa zikamiminika zaidi ya 300. Hakukuwa na zimwi mle, kulikuwa na majirani tu. Karibu na kwetu yupo Nuzo Onoh, mzaliwa wa Nigeria anayeishi Uingereza. Mkusanyiko wake The Reluctant Dead ulitoka mwaka 2014 akiwa amevuka miaka 50, na baadaye akapewa tuzo ya Bram Stoker ya mchango wa maisha, ya mwaka 2022. Kwa hiyo usikimbizwe na umri.

KWANZA: TAFUTA HOFU ILIYO YAKO

Waandishi wengi wachanga huanza na kiumbe: jini, popobawa, mumiani, chunusi. Kisha humtafutia kiumbe huyo watu wa kuwala. Hadithi inakosa nguvu kwa sababu msomaji hamwogopi kiumbe asiyemfahamu. Anaogopea mtu anayemfahamu. Anza na mtu, mahali na kitu anachokiogopa tayari kabla jini hajaingia.

Na hapa wewe una utajiri ambao mwandishi wa kiume hana budi kuuazima. Choo cha nje saa nane usiku. Bodaboda iliyopita njia usiyoijua. Chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba amebaki na ufunguo wake. Usiku wa kwanza kwenye nyumba ya wakwe. Wodi ya wazazi umeme unapokatika. Hayo ndiyo malighafi, na msomaji wa kike atakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Fanya hivi:

1. Orodhesha mambo kumi unayoyaogopa kweli, yasiyo na mchawi wala jini. Andika kwa sentensi moja moja.
2. Chagua moja ambalo ungeona aibu kulisema mbele ya watu. Mara nyingi ndilo lenye hadithi.
3. Liweke mahali unapopajua kwa harufu na sauti: Mikindani, Kariakoo, Likoni, Bukoba, popote ulipoishi.
4. Badilisha jambo dogo moja la kawaida. Dogo kabisa. Liache lijirudie.
5. Mfanye mhusika awe na sababu nzuri ya kutokimbia. Mume, mtoto mgonjwa, kodi iliyolipwa miezi sita. Bila sababu hiyo msomaji atauliza "si aondoke tu?" na hofu itakufa hapo hapo.

Tazama mfano. Hivi ndivyo wengi wanavyoandika:

"Ghafla mlango ukafunguka, akatokea kikongwe wa kutisha mwenye macho mekundu kama moto, akacheka kicheko cha kutisha sana. Nilitetemeka kwa woga."

Neno "kutisha" limetajwa mara mbili na hakuna aliyetishika. Sasa jaribu hofu ya mwali ugenini:

"Mama mkwe alipakua sahani sita. Tulikuwa watano. Hakuna aliyeuliza, nami mgeni nikanyamaza. Asubuhi niliosha sahani sita, zote zimeliwa."

Hakuna jini wala damu. Lakini msomaji atataka kujua nani amekula, na kwa nini baba mkwe hanyanyui macho wakati wa chakula. Ukiweza kumfanya ahesabu sahani zako, utamshika sehemu ishirini.

Ukikwama, ongeza hali halisi badala ya damu. Mlio wa bati linapopoa usiku unatisha kuliko panga, kama umemfundisha msomaji kuusikiliza tangu mwanzo.

KISANDUKU: HOFU INAYOUA WATU KWELI

Sehemu hii naomba uisome mara mbili.

Rudi kwa yule kikongwe mwenye macho mekundu. Usukumani, akina bibi wameuawa kwa kukatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa Tanzania kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na mjini Unguja kijana mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye popobawa.

Mwandishi wa ya kutisha aliye London anawaandikia watu ambao wengi wao hawaamini mizimu. Wewe unawaandikia wanaoamini, na baadhi yao wana panga nyuma ya mlango. Kwa hiyo:

• Usimfanye mzee, mjane, mwenye ualbino, mwenye kifafa au mlemavu kuwa alama ya uovu kwa sababu tu ya mwili wake.
• Usiandike kafara ya kiungo cha binadamu kana kwamba inaleta mali. Ukilazimika kuitumia, onyesha aliyeuawa akiwa mtu kamili, mwenye jina na mama.
• Usitumie jina la mtu halisi wala nyumba inayotambulika mtaani. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, ya tangu 1928, inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa.
• Usitangaze simulizi ya kubuni kama "kisa cha kweli" ili upate wasomaji. Ni tabia iliyozoeleka kwenye makundi ya simu, na ni mbaya.

Sikuzuii kuandika uchawi. Geuza jicho: mwandike bibi anayesikia kijiji kikinong'ona jina lake na kuhesabu siku. Hofu hiyo ni kubwa kuliko ya fisi anayepandwa na wachawi usiku, na ni ya kweli.

PILI: LINDA JINA NA MSWADA KABLA HUJATAFUTA WASOMAJI

Wengi hufanya kinyume. Wanarusha sehemu ya kwanza Facebook, watu elfu wanapenda, na wiki ya pili hadithi iko kwenye kurasa nyingine tatu.

Hakimiliki ni yako tangu unapoandika; huhitaji cheti ili uwe mwenye kazi. Lakini siku ya ugomvi utahitaji ushahidi. Hatua:

1. Maliza simulizi nzima, au walau theluthi mbili, kabla ya kutoa hata sehemu moja. Hii itakuokoa pia na aibu ya kukwama katikati, jambo linalowafukuza wasomaji wanaolipa.
2. Jitumie mswada kwa barua pepe kila wiki. Tarehe inabaki.
3. Sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Watoto wako wanahusika.
4. Toa kazi kwa PDF yenye jina lako kila ukurasa, usitoe faili la Word.
5. Ukitaka kuchapisha kitabu mwenyewe, omba ISBN: Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na maktaba ya taifa.
6. Ukikuta kazi yako imeibwa, piga picha ya skrini kwanza, hifadhi kiungo, ndipo uandike malalamiko kwa wenye jukwaa. Ukianza kwa kutukana, mwizi atafuta na utabaki bila ushahidi.

Kuhusu jina la kalamu: linafaa ukiwa mwalimu, muuguzi, au binti wa nyumba ambayo haitaki mazungumzo hayo. Lakini lichague mara moja na ulishike. Na kumbuka jambo linalosahaulika: msomaji akikutumia pesa kwenye namba yako ya kawaida, jina lako la usajili linamtokea. Fungua namba ya malipo ya biashara, Lipa Namba au till, yenye jina la kazi yako, na uwe na laini ya simu iliyo mbali na ile ya familia.

TATU: KIPATO, KWA NGAZI

Usiache ajira, ushonaji wala genge lako mwaka wa kwanza. Hofu ya kodi ya nyumba inaharibu hadithi ya kutisha. Inakufanya uvute sehemu zisizo na kitu ili tu uuze.

Kikundi cha kulipia. Toa sehemu tano za mwanzo bure, kila moja maneno 800 hadi 1,200, ukikata pale swali linapozaliwa. Usikate katikati ya kelele. Kata kwenye kimya. Zinazofuata zilipiwe. Wasomaji 60 wakilipa shilingi 2,000 kila mmoja kwa simulizi nzima, ni shilingi 120,000 kabla ya makato. Si mshahara, lakini ni mwanzo, na ni orodha ya watu 60 wanaolipia jina lako. Orodha hiyo ni mali kuliko maelfu ya wanaopenda bure. Weka siku za kutoa na uziheshimu.

Sauti. Simulizi za kutisha zinasikilizwa sana usiku na walinzi, madereva na mafundi cherehani. Ukiwa na sauti nzuri, soma mwenyewe. Akija msomaji mwenye chaneli, mpe kwa maandishi: hadithi ipi, kwa muda gani, jina lako litatajwa mwanzoni, na malipo ni yapi. Meseji iliyo wazi ya pande zote mbili ni bora kuliko maneno ya mdomo.

Skrini. Azam TV na Maisha Magic Bongo wanaonyesha tamthilia nyingi za Kiswahili, na nyuma yao wako watayarishaji wanaotafuta visa. Usipeleke muswada mzima wa filamu. Peleka muhtasari wa ukurasa mmoja uliosajiliwa, na subiri mkataba. Kuuza haki ya filamu kusimaanishe umeuza na kitabu.

Kitabu. Mkuki na Nyota na E&D Vision wako Dar es Salaam; Nairobi kuna wachapishaji wakubwa wa vitabu vya Kiswahili. E&D Vision ilianzishwa na wanawake wawili, Elieshi Lema na Demere Kitunga, jambo la kukupa moyo unapobisha hodi. Soma kwanza wanachochapisha. Kupeleka riwaya ya misukule kwa mchapishaji wa vitabu vya hisabati ni kupoteza nauli.

Tuzo. Hapa nakaza sauti, kwa sababu mabinti wengi hujitoa wenyewe kabla ya kushindanishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na hutolewa mwezi Aprili. Tuzo ya Safal, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili kutoka nchi mbalimbali, na Zainab Alwi Baharoon aliwahi kuishinda kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwi. Hakuna kanuni inayosema hadithi ya kutisha haishindi. Kinachoiangusha ni uhariri mbovu.

Tafsiri. Mwaka 2023 mkusanyiko No Edges ulitoka Marekani ukiwa na hadithi za waandishi wanane wa Kiswahili kwa Kiingereza, wakiwemo Clara Momanyi, Lilian Mbaga na Fatma Shafii. Wafasiri wanatafuta kazi za kutafsiri. Weka hadithi fupi tatu zilizosafishwa vizuri mahali ambapo wanaweza kukupata.

KABLA HUJASAINI MKATABA, KAGUA

☐ Natoa haki zipi: kitabu tu, au na sauti, filamu na tafsiri?
☐ Kwa miaka mingapi? "Milele" ukatae.
☐ Mrabaha ni asilimia ngapi, ya bei ya kuuzia au ya fedha inayobaki kwa mchapishaji? Asilimia 10 ya vitu hivyo viwili si fedha moja.
☐ Taarifa ya mauzo nitaipata lini?
☐ Kitabu kikiisha madukani bila kuchapwa tena, haki zinanirudia lini?
☐ Je, natakiwa kulipia uchapaji? Kama ndiyo, huyo ni mpiga chapa, na vitabu vyote viwe vyako.

USALAMA WAKO

Mwandishi wa kike wa ya kutisha hupata aina tatu za ujumbe wa usiku: anayetaka umroge mtu, anayetaka uokoke, na anayekutaka wewe. Wa kwanza mjibu mara moja kwamba unabuni, kisha mfungie. Wa pili mshukuru, na usibishane. Wa tatu usimjibu kabisa, hata kwa utani, hata kama amelipia.

Ukialikwa kujadili kazi, kutana mchana, mahali pa wazi, na mtu wako ajue uliko. Kikao cha muswada hakifanyiki gesti. Mtu mwenye mamlaka akikudai mwili ili hadithi ipite, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Simu ya bure ya TAKUKURU, wanaoisimamia sheria hiyo, ni 113. Tunza meseji zote.

Na kama hofu unayoiandika ni jambo lililokupata kweli, usiiandike peke yako usiku. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini. Hadithi itakungoja.

NYUMBANI UTASEMA NINI

Usianze kwa kumpa mama sehemu yenye damu. Msomee ile anayoijua, ya bibi yake na zimwi, umwulize kama umeisimulia sawasawa. Atakurekebisha, na akikurekebisha ameshakuwa mshiriki wako. Kwa baba, hesabu ya mapato ina lugha nzuri kuliko hoja. Kwa kiongozi wa dini anayekuuliza, mjibu kwa heshima kwamba hadithi zako humwonyesha mwovu akiwa mwovu. Na hakikisha ni kweli.

MAKOSA NINAYOYAONA MARA KWA MARA

• "Kumbe ilikuwa ndoto." Msomaji aliyelipa atajiona ameibiwa.
• Kumaliza na mganga anayeeleza kila kitu kwa kurasa nne.
• Majina ya filamu za kigeni na makasri yenye theluji, kwa mwandishi aliyekulia Mbagala.
• Mwanamke anayeuawa ukurasa wa kwanza akiwa mtupu, bila sababu nyingine. Hata mabinti huandika hivi kwa kuiga. Acha.
• Kutoa sehemu bila mtu mwingine kuisoma. Tafuta mwenzako mmoja, mbadilishane miswada kila wiki, na mkubaliane kuambiana ukweli.
• Kuandika bila kusoma. Soma Kezilahabi, Abdulla, Said Ahmed Mohamed. Sikiliza wazee wa kwenu na uandike maneno yao kama walivyoyasema.

Wiki hii fanya mambo mawili tu. Andika orodha yako ya hofu kumi, na ujitumie kwa barua pepe kila ulichokwisha kuandika mpaka leo, hata kile unachokionea haya. Jumatatu ijayo anza sehemu ya kwanza, na juu yake, kabla ya neno lolote, andika jina lako.